Chekeche la Eunice

Jumatatu, Agosti 8

Moshi wa moto wa nyikani umeifunika Richland tangu Ijumaa. Mto hauonekani hata ukisimama ukingoni mwake. Vern, mume wangu, anasema nyanya zake sasa zina ladha ya nyama ya kubanika, na anadai ndiyo zimekuwa tamu zaidi. Miaka thelathini amelinda matangi ya taka za nyuklia huko jangwani, hakuna moshi unaomshtua.

Mimi nimeshtuka leo. Daktari Okerlund, mkuu wetu wa maabara, alitukusanya na kusema kwamba Mapishi Kumi na Tisa, mchanganyiko wetu wa kioo cha kufungia taka hizo, yana hadi Oktoba 20. Siku hiyo linakuja jopo la wakaguzi. Yasipoyeyuka haraka zaidi, yanatupwa.

Na wametuletea mfanyakazi mpya, Marisela Quiroga kutoka Pasco, umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa kwenye kiwanda cha chipsi. Nimeishi kuona mengi: sasa kioo cha kufungia sumu kinakabidhiwa mkaanga viazi.

Jumanne, Agosti 9

Nilimwonyesha tanuri dogo. Taka tunazotumia ni bandia, hazina mionzi, nasi tunaziita uji. Uji unachanganywa na mchanga, unga wa boriki, soda, madini ya lithi na sukari kidogo, kisha unamiminwa juu ya kioo kilichokwisha kuyeyuka. Juu unaganda gamba. Chini ya gamba linajaa povu, na povu halipitishi joto. Basi gamba linakaa tu pale, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Sukari ya nini?" akauliza Marisela. "Mnaona sumu haijawa tamu?"

"Inapunguza povu."

"Si mtie nyingi basi, mama, mmalize shida."

"Ikizidi, madini yanajikusanya chini na kuharibu tanuri. Karatasi imetaja kiasi chake. Hapa hatuonji kwa kijiko."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, Agosti 15

Gamba linayeyuka kilo nne kwa saa. Moshi.

Alhamisi, Agosti 18

Tumeongeza lithi. Kilo nne na robo. Okerlund amevunja penseli.

Jumatano, Agosti 24

Bado moshi. Kilo nne.

Hapa kazi zote zinafanywa na watu wawili: mmoja anasoma karatasi kwa sauti, hatua baada ya hatua, mwingine anatenda na kutia saini. Ndiyo desturi ya eneo hili lote, tangu enzi za baba zetu. Marisela amepangwa awe msomaji wangu. Leo alipofungua ukurasa wa kwanza nikamwambia akatuchemshie kahawa.

"Na nani atakusomea?"

"Mwanangu, karatasi hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu."

Okerlund alikuwa anapita, akasema, "Mwache Lorna. Huyo ndiye karatasi yenyewe." Nikavimba kichwa siku nzima, sitaficha.

Mchanga huwa nimeshauandaa kabla hawajafika. Nauchekecha asubuhi peke yangu, ndani ya kabati lenye feni, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu na sipendi kuwapulizia wenzangu. Chekeche ni la shaba, lile dogo la macho membamba, lina herufi za Eunice ukingoni. Eunice ndiye aliyenifundisha kazi mwaka 1994. Unaopita nautia kwenye kopo langu, unaobaki juu naumwaga. Mchanga wangu ni laini kama poda ya mtoto. Hakuna mwenye mchanga safi kama wangu jimbo hili la Washington.

Jumatatu, Septemba 5

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimeanguka kutoka kwenye ngazi nikichuma pichi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Vern alinikuta chali kwenye nyasi, akaniuliza kwanza kama pichi zimepona. Naandika haya nikiwa na plasta hadi kwenye kiwiko, na nina hasira na kila mwenye mikono miwili.

Jumatano, Septemba 14

Marisela amenipigia simu saa nne asubuhi.

"Mama Lorna, umekaa?"

"Nimelala. Kuna nini?"

"Kilo saba."

Nikamwambia amesoma mizani vibaya. Akasema Okerlund naye amesoma, na sasa anazunguka meza kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikamwambia arudie. Akajibu, "Tumesharudia, nikipima peke yangu na karatasi. Saba."

Nilikata simu. Miaka ishirini na mbili mapishi ya taka zenye alumini nyingi, kama haya Kumi na Tisa, hayajawahi kufika hata tano. Nikaketi kitako kitandani nikamwambia Vern. Akasema, "Vizuri!" Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza magharibi.

Jumatatu, Septemba 19

Nimerudi kazini na plasta yangu. Wameoka keki, wameandika 7 kwa krimu. Marisela akanikatia kipande kikubwa. Nilikila.

Jumatatu, Septemba 26

Leo nimepima mwenyewe kwa mkono wa kulia. Kilo nne.

Watu walitawanyika. Keki imebaki nusu kwenye jokofu.

Jumatano, Septemba 28

Okerlund akaagiza Marisela apime, nami nimsimamie. Nilimsogezea kila kitu karibu na mkono wake: boriki, soda, kopo langu la mchanga, sukari. Alipima kwa uangalifu, lazima niseme hivyo.

Kilo nne.

Basi imeonekana. Akiwa peke yake ni saba, akisimamiwa ni nne. Maabara nzima inajua maana yake ingawa hakuna anayetamka. Nilimtazama akivua glavu. Alikula keki ile na sisi! Aliikata kwa mkono wake mwenyewe!

Jumatatu, Oktoba 3

Okerlund aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Lorna, wewe unajua kuliko sote. Amefanya nini?"

"Sukari," nikasema. "Amezidisha sukari na hakuandika."

"Una hakika?"

"Hakuna kingine kinachoweza kuleta saba."

Nikaandika maelezo ukurasa mmoja na nusu, nikatia saini. Kufikia adhuhuri Marisela alikuwa amenyang'anywa kitambulisho. Hapa kughushi matokeo si kosa la kuonywa. Kikao kikimthibitisha, hatakanyaga tena eneo hili, si maabara yetu, si kwenye matangi, popote. Kikao ni Oktoba 14.

Nilimkuta kwenye maegesho amekumbatia boksi lenye kikombe chake na jozi ya viatu vya kazi. Nilidhani atanitukana. Aliweka boksi juu ya gari, akanitazama machoni.

"Nilifuata karatasi, mama. Neno kwa neno. Wewe je?"

Nimekaa na swali hilo tangu saa sita. Jeuri gani hii? Mimi?

Jumatano, Oktoba 5

Upepo wa kutisha. Vichaka vikavu vimebingirika kutoka jangwani vikajazana hadi dirisha la jikoni, mlango wa mbele haufunguki. Vern ametokea wa nyuma na uma wa majani, anavitupa uani kwa jirani, jirani anavirudisha.

Alipoingia akaniuliza, "Kwani ulimwona akitia hiyo sukari?"

"Sikuhitaji kumwona."

"Kule matangini tungekula makofi kwa jibu hilo."

Nikamwambia anawe mikono, chakula tayari.

Jumanne, Oktoba 11

Lazima niandike haya polepole.

Kikao kimetaka kila shahidi asome karatasi ya upimaji kwa sauti mbele ya mwenzake, aseme ameielewa, atie saini. Utaratibu tu. Okerlund akaketi mbele yangu na kalamu. Nikavaa miwani. Nikaanza kusoma.

Hatua ya kwanza, washa mizani. Ya pili, hakiki mizani kwa jiwe la gramu mia. Ya tatu, vaa barakoa. Ya nne, pima mchanga kutoka kwenye gunia. Ya tano, pima boriki.

Nikasimama.

"Endelea," akasema Okerlund.

Nikarudi nyuma. Ya tatu, barakoa. Ya nne, pima mchanga kutoka kwenye gunia. Nikageuza ukurasa nikadhani mbili zimeshikana. Hazikushikana. Nikatazama chini kwenye maelezo madogo. Nikatazama nyuma ya karatasi, kweupe.

"Kuna ukurasa umepotea," nikasema.

"Upi?"

"Wa kuchekecha."

"Kuchekecha nini, Lorna?"

Mungu wangu. Nilimwona usoni kwamba hajui. Mtu huyu nimefanya naye kazi miaka kumi na tatu na hajui kwamba ninachekecha. Huwa nachekecha asubuhi kabla hawajafika. Nilimfukuza msomaji wangu akachemshe kahawa. Nimetia saini "nimefuata" kwenye hatua ya nne mara ambazo siwezi kuzihesabu, na wala sijaifuata hata mara moja.

Marisela alichota kwenye gunia. Alikuwa peke yake, hakuwa na kopo langu, akachota kwenye gunia kama alivyoandikiwa. Na nilipomsimamia, ni mimi niliyemsogezea kopo.

Nilimwambia Okerlund kichwa kinaniuma. Akasema niende nyumbani. Sikumwambia lolote. Naandika hilo pia, kwamba nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Nimefika nyumbani nimekaa ndani ya gari mpaka Vern akaja kugonga kioo.

"Nani amekufa?" akauliza.



Jumatano, Oktoba 12

Nilikwenda kumwona Eunice kwenye makao ya wazee huko Kennewick. Ana miaka themanini na minane, macho makali, na nilimkuta anacheza karata na mwanamume mmoja anayemwibia waziwazi.

Nikaweka chekeche mezani.

"Ee! Hili bado lipo?" Akalichukua, akapapasa herufi zake. "Nilidhani mmelitupa zamani."

"Eunice, ulinifundisha kuchekecha mchanga. Kwa nini?"

"Lini?"

"Mwaka tisini na nne. Wiki yangu ya kwanza."

Akafikiri. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi yule mwenzake akapata nafasi ya kuchungulia karata zake.

"Panya! Yale magunia ya mwaka ule yalikaa ghalani yakaingiliwa na panya. Mchanga ulijaa mavi. Nikakwambia uchekeche mpaka tuletewe mengine."

"Na mengine yakaletwa?"

"Baada ya wiki mbili. Kwani hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Na kwa nini chekeche jembamba hivi? La mavi ya panya lingetosha hata la jikoni."

"Ni wewe uliyenipa hili."

"Ndilo lililokuwa karibu na mkono, mwanangu." Kisha akaacha kucheka. Akanishika mkono wangu wa plasta. "Lorna. Usiniambie bado unachekecha."

Nililia pale pale, mbele ya mwizi wa karata. Sikujua kama nalia kwa aibu au kwa sababu jambo lenyewe ni la kipuuzi mno. Mwanamke mmoja anafukuzwa kazi maisha yake yote kwa sababu ya panya waliokufa miaka ishirini iliyopita. Eunice hakunibembeleza. Aliniambia, "Nami kosa ni langu. Nilikwambia kwa mdomo. Sikuandika." Halafu akanirudishia chekeche kama mtu anayerudisha sahani chafu.

Ijumaa, Oktoba 14

Kikao kilikuwa saa tatu. Watu watano upande mmoja wa meza, Marisela peke yake upande wa pili, amevaa blauzi ya kanisani. Hakunitazama.

Mwenyekiti akasema nithibitishe maelezo yangu ya Oktoba 3. Nikasema siwezi, ni ya uongo, ingawa nilipoyaandika niliyaamini. Nikaweka chekeche juu ya meza. Nikaeleza yote, mpaka panya.

Okerlund alikuwa ameshika paji la uso. Mwenyekiti akaniuliza, "Bi Haugstad, unamaanisha kwamba uliusafisha mchanga kupita kiasi?"

"Ndiyo."

"Na hilo ndilo kosa?"

"Ndilo."

Tukashuka wote maabara. Marisela akapewa glavu. Okerlund mwenyewe akasoma hatua kwa sauti, mimi nikawekwa pembeni, mkono wa kulia mfukoni. Michanganyiko miwili: mmoja kwa mchanga wa gunia, mmoja kwa mchanga wa kopo langu. Sukari ilipimwa mbele ya macho ya wote watano. Tuliingoja mchana kutwa. Nilisimama mbele ya kidirisha cha tanuri nikitazama gamba la kwanza likizama taratibu, bila povu la kutajika, kama siagi kwenye uji wa moto. La pili, la mchanga wangu, lilivimba. Lilivimba kama mkate. Miaka ishirini na mbili nimeliangalia povu hilo nikadhani ndilo tabia ya kioo.

Saba. Nne.

Okerlund akatueleza huku akionekana anajieleza mwenyewe. Mchanga laini sana unayeyuka mapema, unageuka ulimbo, na hewa inayotoka kwenye uji inanaswa humo. Mchanga wa chembe kubwa kidogo unasubiri. Hewa inaondoka kwanza, ndipo nao unayeyuka. "Tumetafuta kitu cha kuongeza kwenye kioo hiki miaka yote," akasema. "Lithi, boriki, soda, kila kitu. Na tatizo ni kilichopunguzwa." Kisha akanigeukia, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Lorna, ni mapishi mangapi tuliyoyatupa kwa kuwa yalikwenda polepole?"

Nilikuwa nimeshahesabu jana kwenye madaftari. Thelathini na moja. Baadhi ya walioyabuni walihamishwa. Mmoja aliacha kazi kabisa akaenda kufundisha hesabu Spokane.

"Thelathini na moja," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Marisela alirudishiwa kitambulisho hapo hapo. Nilimfuata kwenye korido.

"Marisela, naomba unisamehe."

"Binti yangu aliulizwa shuleni kama mama yake ni mwongo," akasema. "Mji huu mdogo, mama. Unajua ulivyo." Akakibandika kitambulisho kifuani, akakinyoosha. "Sijui kama nitakusamehe. Leo siwezi."

Akaenda zake.

Jumamosi, Oktoba 15

Sikuinuka. Vern aliniletea supu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda bila kufanya mzaha. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Alhamisi, Oktoba 20

Jopo limekuja. Mapishi Kumi na Tisa yamepita. Yale thelathini na moja yatafufuliwa moja moja, itachukua miaka. Upepo.

Jumatatu, Oktoba 24

Nimeondolewa kwenye meza ya kupimia. Ni haki. Chekeche limetiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, limefungiwa kabatini kwa Okerlund. Nilisubiri waniambie nistaafu. Badala yake Okerlund akasema meza ni ya Marisela sasa, na kwamba ameulizwa anamtaka nani awe msomaji wake.

"Akasema nani?"

"Wewe."

Nilidhani ananitania. Nikaenda kumuuliza mwenyewe.

"Usifurahi," akasema Marisela. "Nataka mtu ambaye hatathubutu tena kuruka mstari. Mwingine kama wewe simpati hapa."

Ijumaa, Novemba 4

Baridi imeingia, vioo vya gari vina barafu asubuhi. Leo tulikuwa na magunia mapya.

Nilisoma. Hatua ya kwanza, mizani. Akatenda, akatia saini. Ya pili, jiwe la gramu mia. Ya tatu, barakoa. Najua kwa kichwa kila neno na nilisoma kila neno, kidole kikiwa chini ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Marisela akinikamata nikitazama dirishani husimama mpaka nirudi kwenye karatasi.

"Hatua ya nne. Pima mchanga kutoka kwenye gunia."

Akalifungua gunia, akachota. Kisha akasimama, kijiko hewani.

"Mama Lorna. Njoo uone."

Kwenye mchanga mweupe kulikuwa na chembe nne nyeusi, ndogo kama punje za mchele. Tukatazamana juu ya barakoa. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka wenyewe kuelekea kabati lenye feni, mahali ambapo chekeche lilikaa miaka ishirini na mbili. Nikauona uko hewani. Nikaushusha.

"Karatasi inasemaje kuhusu mavi ya panya?" akauliza.

Nikasoma hatua ya nne tena. Nikasoma ya tano. Nikageuza nyuma.

"Haisemi kitu."

"Basi?"

"Basi tunasimama."

Akaweka kijiko chini. Nikampigia simu Okerlund aje na kalamu, aiandike hatua inayokosekana. Alisema yuko mkutanoni, huenda ikachukua saa nzima, je, hatuwezi kuyatoa tu tukaendelea? Nikamwambia hapana. Marisela akavuta viti viwili, akanisukumia kimoja kwa mguu, tukakaa bega kwa bega mbele ya gunia lililo wazi, tukamsubiri.